Mshambuliaji Aliyeitwa Naitua

Vuai Makame alisomewa khitma mwaka 1982, akiwa hai. Pilau lilipikwa masufuria matatu uani kwa mama yake, Kikwajuni, na waliolila walisema lilikuwa limekolea viungo. Mwenyewe siku hiyo alikuwa kwenye jiko la meli ya mizigo akimenya viazi, goti la kulia limefungwa bendeji, hana habari kwamba amekwisha kufa.

Habari hizo alizipata miaka mitatu baadaye, Macau, katika hoteli alikokuwa akiosha masufuria. Baharia mmoja wa Unguja aliingia jikoni kuomba maji ya moto, akamtazama usoni, akarudi nyuma hatua mbili na kusema Bismillahi. Kisha akakaa juu ya gunia la mchele akamweleza. Mama yake, alipokosa barua kwa miezi minane, alikwenda kwa karani wa bandarini akaandikiwa barua ya Kiingereza kwa timu ya mpira ya Fontelheira, huko Ureno, kuuliza hali ya mwanawe Vuai Makame. Jibu lilikuja, lina mhuri. Halikusomeka mpaka akatafutwa Mgoa mzee wa Mji Mkongwe aliyekijua Kireno. Mgoa akaisoma barua polepole, kidole juu ya mstari: klabu yetu haijapata kuwa na mchezaji mwenye jina hilo. Mama akauliza kama ana hakika. Akasomewa tena. Wiki ile ile pilau likapikwa, na mama mwenyewe hakumaliza mwaka.

Watu wengi wana hasira nyingi ndogondogo, za kutumia leo na kuzisahau kesho. Tangu siku ile jikoni Vuai alikuwa na moja tu, na alihama nayo kutoka Macau hadi Guangzhou kama mtu anavyohama na godoro lake. Hakurudi Unguja. Aliyekwisha kusomewa, alisema, atabisha mlango gani?

Mwaka 1998 alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano, ana kitambi, ndevu zimeingia mvi, na mguu wa kulia ukichelewa kidogo nyuma ya wa kushoto. Kazi yake ilikuwa ukalimani. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja walikuwa wameanza kufikia mtaa wa Xiaobei, mmoja mmoja, kila mtu na kikokotoo chake mkononi, na Vuai aliwasemea mbele ya Wachina. Kireno chake hakikuwa na soko. Alikiweka ndani kama nguo ya msiba.

"Marehemu," Mwanahija alimwita asubuhi moja ya Machi, akiwa kwenye ngazi ya hoteli wanakopanga. "Shuka chini. Kuna mzungu mapokezi anasema ile lugha yako ya mtu mwenye mafua."

Mwanahija alikuwa mfanyabiashara wa mitandio, mtoto wa Kikwajuni hukohuko, na jina hilo la Marehemu alimpa yeye. Alikuwa na haki nalo. Siku ya khitma alikuwa na umri wa miaka kumi, na alipenda kumkumbusha.

"Mwambie hayupo," Vuai alisema.

"Nimeshamwambia yupo. Ametumwa na wakala wake wa Macau, anataka mtu wa kumpeleka Kangle, kwa washonaji, kushonesha jezi. Wewe mpira si unaujua?"

"Naujua."

"Basi kamtumikie. Mie pilau lako nimelila na nyama nikapata vipande viwili, sina deni nawe, lakini siku moja nikuone umecheka."

Vuai akashuka. Mzungu alikuwa amesimama na jalada kwapani, upara, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa akisoma karatasi, na kabla ya kuigeuza alitoa leso, akafuta ncha ya kalamu, akaikunja leso mara nne na kuirudisha mfukoni. Vuai alisimama kwenye kidato cha mwisho. Leso ile aliiona mara ya kwanza mwaka 1976, ofisini Fontelheira, chumba kilichonuka vizibo vya chupa. Albano Quintela. Karani wa usajili wa klabu ya União Fontelheira.

Quintela alimpa mkono, akasema Mungu asifiwe hatimaye mtu wa kuelewana naye, akamshika bega kumwelekeza kwenye teksi. Hakumuuliza jina.

Hilo Vuai alilisubiri. Teksi ikatoka Xiaobei, ikavuka daraja la Mto Lulu kuelekea Haizhu, na kila taa nyekundu alijiambia, sasa atauliza. Quintela hakuuliza. Alisema. Alikuwa sasa katibu mkuu, na klabu ilitimiza miaka hamsini mwezi wa Mei. Jezi elfu moja na mia mbili za jubilei, za kijani zenye mstari mweupe, na mgongoni, kwa uzi wa dhahabu, majina kumi na moja ya kikosi cha mwaka 1979. Kila nyumba ya Fontelheira ingepata moja.

"Unajua mpira wewe?" aliuliza.

"Kidogo."

Basi Quintela akamhadithia. Wafanyakazi wa kiwanda cha vizibo waliiunda timu mwaka 1948, wakati wa mapumziko ya chakula cha mchana, wakapaka jezi rangi wenyewe kwa dawa ya kiwandani, ikawatoka migongoni mvua iliponyesha. Uwanja ulikuwa kwenye mteremko, goli moja juu, jingine chini, na wageni walinung'unika. Halafu wajane wa kiwandani walioka mikate ya kuuza ili timu ipate nauli ya ugenini. Jukwaa la mbao likaungua, likajengwa tena. Miaka thelathini katika madaraja ya chini, wakichezea mshahara wa mwezi mmoja kwa miezi mitatu. Kisha 1979.

Vuai alitazama nje. Mteremko ule aliujua kuliko yeyote. Mpira uliokuwa ukienda goli la chini ulikuwa unaongeza mwendo wenyewe, na yeye alijifunza kupiga mapema, kabla kipa hajajua kwamba ardhi iko upande wa mshambuliaji. Mikate ya wajane aliila. Mjane mmoja, jina lake Albina, alimtunzia kila Jumapili kipande cha mwisho, kilichoungua chini, kwa sababu alijua anakipenda.

"Dakika ya themanini na tisa," Quintela alikuwa akisema, sauti imemlegea. "Goli la Naitua. Tukapanda daraja la kwanza. Msimu mmoja tu, tukawa wa mwisho, lakini tulikuwapo. Leo tumerudi daraja la tatu, na mtu yeyote ukimuuliza, mtoto, mzee, kasisi, atakwambia Naitua."

"Alikuwa nani?"

"Mwafrika. Yote nimeyaandika. Miaka minne nimekaa na kazi hii." Akatoa jaladani kijitabu chenye nembo ya klabu, akamfungulia ukurasa.

Vuai akasoma, teksi ikiruka juu ya viraka vya lami. *Naitua, Mwafrika asiye na jina la pili, alitufikia bila kutoka popote na akaondoka bila kuaga.*

Akakifunga kijitabu.

Bila kutoka popote. Alitoka Kikwajuni, nyumba ya tatu kutoka kisimani, kwa Makame fundi wa kofia na mkewe Kazija. Alifika Fontelheira kwa sababu meli yake ilikwama matengenezoni, akacheza na makuli wa bandari, na mtu wa klabu akamwona. Bila kuaga! Aliondoka kwa machela, goti limegeuka, na miezi mitano ya hospitali hakuja hata mmoja isipokuwa Albina na mkate wake. Alipotoka, mkataba ulikuwa umekwisha na kabati lake lina jina la mtu mwingine.

Kangle ilikuwa vichochoro na marobota. Pikipiki za matairi matatu zilibeba vitambaa mpaka juu ya paa la dereva. Karakana ya Bosi Lin ilikuwa ghorofa ya pili. Alikuwa mwanamke wa Hubei, mfupi, mwenye tepu ya kupimia shingoni, na wafanyabiashara wote walimwita laobani, yaani bosi, naye aliitikia. Katikati ya chumba ilikuwa mashine ya kudarizi yenye vichwa kumi na viwili, jezi kumi na mbili zimeshatandikwa chini ya sindano. Pembeni binti mmoja alikaa mbele ya kompyuta akisubiri kupewa majina.

Quintela akamkabidhi Vuai karatasi. "Mtajie herufi moja moja. Nataka zisikosewe. Majina ya watu ni kitu kitakatifu."

Vuai akayatamka. Kipa, mabeki, viungo. Binti aliandika. Kila jina lilimrudishia mtu, harufu ya mafuta ya kuchulia misuli, matusi ya chumba cha kuvalia. Alipofika la tisa akanyamaza.

"N," Quintela alimsaidia. "N, A, I, T, U, A."

"Hili si jina."

"Samahani?"

"Hili si jina la mtu."

Quintela akatabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyezoea kueleza. "La Kiafrika. Ni kawaida yao kuwa na jina moja."

"Niambie ulilipataje."

"Mimi mwenyewe nilimsajili. Nakumbuka kama jana. Nilimwelekezea kalamu kifuani, nikamwambia, *nome*, jina. Akasema, Naitua. Nikaandika. Akaongeza kitu kama *vai*, kwa lugha yetu ni nenda, nikaona ana hamu ya kwenda uwanjani. Nikamwambia, haya, nenda."

Mashine nyingine mtaani zilikuwa zinanguruma. Hii ilikuwa imenyamaza, sindano zake juu.

"Naitwa," Vuai alisema, na sasa sauti haikuwa ya mkalimani. "Kwa lugha yetu maana yake ni *chamo-me*. Mtu akisema naitwa, anaanza. Jina linafuata. Nilisema naitwa Vuai Makame. Wewe ukaandika neno la kwanza, ukafuta kalamu yako kwa leso, ukafunga daftari. Ulinikata sentensi, bwana. Miaka ishirini na miwili mnaimba nusu ya sentensi."

Quintela akavaa miwani. Akamtazama mvi, akashuka mpaka kwenye mguu wa kulia, akapanda tena. Midomo ikaanza kumcheza. Kisha, kwa sauti ndogo, pale katikati ya karakana, akaanza ule wimbo wa jukwaani, na mikono yake ikapiga makofi yenyewe: "Nai-tua. Nai-tua." Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Binti wa kompyuta akacheka. Bosi Lin akauliza kuna nini.

Na hapo ndipo Vuai aliposhikwa na hasira yenyewe hasa, maana kama mtu yule angemdharau ingekuwa rahisi. Alipendwa. Mji mzima ulimpenda, ukamwimbia, na kwa mapenzi hayohayo ukamfuta. Tena alikumbuka kwamba na yeye, alipokwisha kukijua Kireno cha kuwasahihisha, hakuwasahihisha. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, watu elfu tatu wanamwimba, na akaona tamu. Hilo hakuwa amemwambia mtu.

"Nyamaza," alisema.

Quintela akashusha mikono.

"Mwaka themanini na moja ililetwa barua kutoka Zanzibar. Ya Kiingereza. Unaikumbuka?"

"Ya mama mmoja," Quintela alisema. "Nilitafuta. Nakuapia nilitafuta, daftari zima, chini ya M, chini ya V. Nilimuuliza hata mwalimu wa timu. Nikajibu siku hiyohiyo, sikutaka mama wa watu asubiri." Miwani aliivua, akaishika kama kitu asichokijua. "Alikuwa wako?"

"Walinisomea dua za wafu kwa barua yako. Kisha akafa yeye."

Vuai alikuwa ameyapanga maneno ya siku hii tangu jikoni Macau, maneno ya kuua mtu, na yote yalikuwa yamekatwa kwa mtu mwongo, mtu aliyeitupa barua kapuni. Hayakumwenea karani mwaminifu aliyetafuta chini ya V. Akakaa juu ya robota la kitambaa cha kijani.

"Andika Vuai Makame," alisema. "Badala ya hilo."

"Siwezi."

"Huwezi?"

"Kijitabu kimeshachapwa. Halmashauri imepitisha majina. Na nielewe, rafiki yangu, ukiandika Vuai watu wa Fontelheira watauliza, huyu ni nani? Naitua yuko wapi? Watadhani tumemwondoa."

"Na waulize. Miaka yote hii hawajauliza."

"Nitakutengenezea moja yako," Quintela alisema haraka. "Moja maalumu, yenye jina lako kamili. Uwe nayo."

"Jina langu mimi nalijua. Sina haja ya kukumbushwa na shati."

Bosi Lin alikuwa amechoka kusubiri. Alimsemesha Vuai: jina la tisa ni lipi, jezi zimeshatandikwa, nyuma yake kuna oda ya watu wa soko la Zhanqian. Quintela akachukua karatasi mwenyewe, akamwonyesha binti jina la tisa kwa kidole, akaitingisha. Binti akamtazama Bosi Lin. Bosi Lin akamtazama Vuai, aliyekaa kwenye robota mikono magotini.

"*Bu xing*," Bosi Lin akasema, haiwezekani. Akaongeza maneno mengi.

"Anasemaje?" Quintela aliuliza.

Vuai alitazama sindano.

"Tafadhali. Anasemaje?"

"Anasema mwaka jana alidarizi jina bila kuelewana na mwenyewe, mzigo wote ukamrudia. Hashoni jina ambalo watu wawili wanaligombea. Mkubaliane kwanza, na uweke sahihi." Akamkazia macho. "Yeye ameuliza, unaona. Mchina wa Hubei, hajapata kuniona, ameuliza jina ni lipi."

Quintela alikwenda dirishani. Chini kichochoroni mtu alikuwa anagombana na mkokoteni wake. Alisimama pale, leso mkononi, safari hii hakufuta kalamu, alifuta uso.

"Kama nikiliacha," alisema bila kugeuka, "na kulimalizia. Naitua, halafu jina. Watu watamkuta wanayemjua, na watamkuta aliyekuwapo."

Vuai alifikiri. Hakupenda kwamba wazo zuri lilitoka kwa mtu yule. Alilitafuta kasoro, akaipata moja.

"Si kwa U. Kwa W."

"Herufi hiyo hatuna katika alfabeti yetu."

"Mashine hii inayo."

"Watu watasema tumekosea."

"Watasema mlikosea," Vuai alisema. "Hivyo ndivyo."

Akachukua kalamu mfukoni mwa Quintela, bila kuomba, akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa: NAITWA VUAI. La baba aliliacha. Mgongo wa jezi usingetosha, na alijua kwamba mtu anayedai vyote huishia kuambiwa hapana tena. Quintela akasoma, midomo ikitamka. Akaweka sahihi pembeni, akaandika tarehe.

Vuai akamgeukia binti, akamtajia herufi, moja moja. Binti aliandika, akamsomea aliyoyaandika. Akamsomea tena, maana Vuai alimwambia arudie.

"Nitaandika barua nyingine," Quintela alisema nyuma yake. Alikuwa amefungua jalada, ametoa karatasi yenye nembo. "Sasa hivi, kwa mkono wangu. Kwamba ulikuwapo. Kwamba nilikosea. Nipe anwani."

"Anwani ni ileile," Vuai alisema.

Quintela akainama tayari kuandika.

"Aliyeandika ndiye hayupo. Utamwandikia nani?"

Kalamu ikabaki hewani. Quintela akairudisha mfukoni, akaifunga karatasi jaladani.

Bosi Lin akabonyeza. Sindano kumi na mbili zikashuka pamoja juu ya migongo kumi na miwili ya kijani, zikaanza na kipa. Quintela alikaa kwenye robota ambalo Vuai ameliacha. Vuai alikwenda kusimama karibu na mashine, karibu mno, mpaka Bosi Lin akamwambia ajihadhari na mkono. Jina la kipa likatoka. La beki wa kulia likatoka. Goti lilianza kumuuma kwa kusimama, akaegemea mguu wa kushoto. Alikuwa na hasira bado, haikupungua hata kidogo, ila sasa ilikuwa na kitu cha kutazama.

Mashine ikafika la tisa. N. A. I. T. Uzi wa dhahabu ukashuka, ukapanda, ukashuka, ukapanda, W. Kisha A, ambapo karani alifuta kalamu yake. Sindano zikasimama zote kumi na mbili, na Vuai akamgeukia Bosi Lin. Lilikuwa pengo tu kati ya neno na neno. Zikaendelea.

Bosi Lin alimletea kigoda. Akakikataa kwa kichwa. Alisimama palepale mpaka I ya mwisho ikakatwa uzi, kwa sababu kuimaliza sentensi ile hakumwamini tena mtu yeyote.